Mvua ya Kindu Ilivyovuka Vita

Askari walimkamata Misenga asubuhi, akiwa bado ameshika kipaza sauti cha foni, ile redio ya kusemea mbali. Waasi walikuwa wameuteka mji wetu wa Kindu, na Kinshasa ikawa upande wa adui. Lakini Misenga, mwangalizi wa hali ya hewa pale uwanja wa ndege, aliendelea na kazi yake kama kawaida. Alipima joto, upepo, mawingu na mvua, kisha akasomea Kinshasa makundi ya tarakimu, tano tano, bila neno hata moja katikati. Askari aliyekuwa akisikiliza redio ya kambini aliruka kutoka kitini. Jasusi amepatikana!

Walimpakia kwenye gari mpaka kwa komanda wao, katika mtaa wa Kasuku, kwenye nyumba moja ya zamani inayotazama mto.

"Mama," komanda alisema kwa Kiswahili chetu, ambamo "njo" ni "ndiyo", "unatumaka siri zetu Kinshasa. Njo nini hizi namba?"

"Njo hali ya hewa, Komanda. Hapa nasema upepo unatoka wapi. Hapa nasema joto. Hapa mawingu."

"Kama ni mawingu, sema mawingu! Muntu mwenye kuficha ndiye anasema kwa namba."

Misenga alikuwa binti wa Papa Kanyinda, fundi wa reli aliyetoka Kasai na kuhamia Kindu kwa ajili ya kazi. Nyumbani kwao watu walizungumza kwa kupaza sauti, maana walikua kando ya mlio wa magari ya moshi. Hata mbele ya bunduki sauti yake haikushuka.

"Komanda, niulize mimi utasema nadanganya. Uliza muntu mwingine. Kuna ndege pale uwanjani. Mwenye kurusha ndege anajua kusoma hizi namba."

Komanda akachukua kofia yake. Walirudi wote uwanja wa ndege.

Ndege yenyewe ilikuwa ya mizigo, na rubani wake Mzungu mzee, mtu wa Ukraine, asiyejua Kiswahili wala Kilingala, na Kifaransa chake kilikuwa cha kubahatisha. Misenga alipelekwa kwanza kwenye vipimo vyake, askari wawili nyuma yake. Alisoma vyote upya, akaandika makundi yake kwenye kipande cha karatasi, na komanda mwenyewe akampelekea rubani. Hakumwambia ni kitu gani.

Yule mzee alivaa miwani. Kabla ya kurusha ndege, ujanani, aliwahi kufanya kazi ya hali ya hewa huko kwao. Alitabasamu kama mtu aliyekutana na ndugu sokoni. Akaweka kidole kwenye kundi moja, akanyoosha mkono kuonyesha upepo unakotoka. Akaweka kidole kwenye kundi lingine, akajipepea kwa joto. Kwenye mawingu alichora duara kubwa juu ya kichwa chake. Halafu akafika kwenye kundi linaloonyesha jinsi mgandamizo wa hewa unavyobadilika, na tabasamu likamtoka. Mgandamizo ulikuwa unashuka haraka. Aligeuka kutazama upande wa Pangi, kule mashariki, akawapigia kelele vijana wake wafunge ndege kwa kamba.

"Orage," alisema. Dhoruba. "Mimi hapana ruka."

Mbingu juu yetu bado zilikuwa nyeupe. Komanda alicheka. Lakini haukupita muda mrefu upepo ukaja umebeba vumbi na majani, mabati ya ghala yakaruka kama karatasi, na mvua ikamwagika hivi kwamba mto Lualaba haukuonekana tena. Komanda, rubani, askari na mshukiwa wao walijibanza pamoja chini ya bawa la ndege, wote wamelowa.

"Mama!" komanda alipaza sauti kushinda mvua. "Huyu muzungu ulimufundisha lini?"

"Sijawahi kumuona, Komanda! Kwao wanaandikaka hivi hivi. Dunia muzima wanaandikaka hivi hivi!"

Hapo Misenga alijua amepona, na alituambia baadaye kwamba alitaka kucheza ngoma palepale kwenye matope.

Komanda alimwachia. Alihitaji ndege zitue Kindu, na sasa alikuwa amejionea kazi ya zile namba. Lakini kusema na Kinshasa alikataza kabisa. Misenga aliruhusiwa kusema na Goma tu, mji mwingine wa waasi, kwenye kituo cha foni cha ndege za misaada. Mtu wa pale alikuwa na sauti nzito yenye kucheka-cheka. Vita vilikataza maswali mengi hewani, kwa hiyo yeye alimwita "Mama Kindu", naye Misenga akamwita "Yaya Goma", yaani kaka mkubwa wa Goma.

Moyo wa Misenga haukutulia. Kinshasa walikuwa na ramani ya hali ya hewa ya nchi nzima, na mahali pa Kindu sasa palikuwa tupu. Asubuhi moja, baada ya kumaliza kusoma namba zake, alijitia ujasiri.

"Yaya Goma, hizi namba unapelekaka wapi?"

"Nairobi, Mama Kindu. Kule kuna kituo kikubwa."

"Na Nairobi?"

"Nairobi wanapeleka kwa kila muntu. Ulaya, Uhindi, Amerika, meli zilizo baharini. Kila inchi inatoa yake, inapata ya wengine."

"Kila inchi?" Misenga alishusha sauti. "Na kule upande wa machweo?"

Yaya Goma alielewa. Alicheka mpaka foni ikakoroma. "Mama, na wao ni watu wa dunia!"

Misenga alitoka nje akikimbia. Mvua iliyonyesha Kindu ilikuwa inazunguka ulimwengu na kuingia Kinshasa kwa mlango wa nyuma. Mstari wa mbele wa vita, ambao hakuna mtu, gunia la chumvi wala barua iliyoweza kuuvuka, yeye alikuwa anauvuka kila asubuhi.

Hata mji ulipozingirwa, na sisi tukala majani ya mihogo bila mihogo yenyewe, aliendelea. Betri ya foni ilipokufa, masista wa parokia walimpa yao iliyokuwa ikichajiwa kwa jua. Alikonda, viatu vikaisha, akaenda kazini pekupeku. Tulimpa jina la Mama Meteo, mama wa hali ya hewa, wakati huo, na wengine tulidhani akili imemruka. Vita vilipokwisha, aliendelea kupima kama alivyozoea, akamlea binti yake Bénie mpaka akawa na duka la dawa mtaani Kasuku.

Mwaka jana simu yake iliita.

"Mama Kindu?" ilisema sauti nzito.

Misenga alikaa chini bila kuangalia kama pana kiti. "Yaya Goma!"

Jina lake lilikuwa Soudi. Siku hizi alikuwa akifundisha waangalizi wa bahari, na meli ya utafiti yenye watu wa nchi nyingi ilikuwa inakuja kwenye mlango wa Mto Kongo. Walitafuta mwangalizi kutoka juu ya mto huo, ambao kwetu ndio Lualaba, naye alitaja jina moja tu.

Basi Misenga akapanda ndege hadi Kinshasa, gari hadi Muanda pwani, na boti ndogo hadi kwenye meli. Soudi alikuwa mfupi, mwenye kipara, hafanani kabisa na sauti yake. Walicheka, wakashikana mikono, wakashindwa kuachiana.

Meli ilikwenda mbali hadi nchi kavu ikapotea, na bado maji yalikuwa ya rangi ya chai.

"Lakini haya si maji yetu?" Misenga aliuliza.

"Njo yetu," Soudi alisema. "Mto unaingia baharini na kukaa juu ya chumvi kama mafuta. Unabadilisha joto la bahari, na bahari inabadilisha mvua. Ndiyo maana tunapima."

Walimkabidhi chombo kirefu cha manjano, kimo cha mtu, chenye antena kichwani. Kingezama mpaka kwenye giza, kikae huko siku kadhaa, kisha kipande juu polepole kikipima joto na chumvi, na kuita setilaiti. Maelfu ya vyombo vya namna hiyo yametupwa na mataifa katika bahari zote, na habari zake ni za kila mtu. Mbrazili alishika kamba upande mmoja, Msenegali upande mwingine, Misenga katikati. Kilipogusa maji alipiga vigelegele kiasi kwamba nahodha alitoka kuangalia nani ameanguka.

Alirudi Kindu. Kisha Jumamosi moja, akiwa dukani kwa Bénie, simu ikalia, ujumbe wa Soudi umeingia, na Mama Meteo akatoka barabarani huku ameiinua juu.

"Imepanda! Imepanda!"

Wenye pikipiki walizima injini. Wauza samaki wakaacha samaki wao. Tulidhani ni matokeo ya uchaguzi.

"Nini imepanda, mama?" Bénie aliuliza.

"Mutoto wangu wa baharini! Tazameni, juu maji matamu, chini chumvi!" Alituonyesha mistari miwili kwenye kioo cha simu, wa joto na wa chumvi, mmoja ukipinda ghafla kutoka kwa mwingine. "Pale inapopinda, njo mwisho wa mvua yetu."

Tuligombania simu ile, kila mtu akitaka kuona mvua yetu ilikofika.