Ng'ombe wa Nyegezi na Majani ya Plastiki

Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinikuta mimi mwenyewe, nikiwa sijalewa wala siumwi, na mama mwenye nyumba yupo hadi leo, muulize ukitaka. Kama umezoea kucheka mambo ya namna hii, cheka sasa hivi umalize, halafu unisikilize.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, bidhaa za nje zimefurika Mwanza mpaka unashangaa. Mimi nilikuwa fundi wa mazulia. Ofisi nyingi pale Nyamagana, sakafu zake nilizivisha mimi. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa. Basi akanifuata Mama Koku, Mhaya mmoja aliyeacha ualimu akaingia kwenye biashara ya minofu ya sangara, mambo yakamnyookea. Alikuwa amejenga Nyegezi, si mbali na ziwa. Ameagiza kutoka ng'ambo zulia la majani ya plastiki, anataka nilitandike uani, mabinti zake wachezee mpira wa pete.

"Umeshawahi kutandika la namna hii?" akaniuliza.

"Mama, zulia ni zulia," nikamjibu. Hata kuliona sikuwa nimewahi.

Lakini kazi niliiweza. Mimi na mwenzangu Petro tulichimba, tukamwaga kokoto, tukashindilia vumbi la mawe mpaka ukiweka mpira hauviringiki. Tukakunjua yale marobota ya kijani, tukaanza kuyaunga kwa gundi. Sasa, zulia lile likipata jua linatanuka, ukiliunga mchana baadaye linakunjamana. Ndiyo maana kuunga tulifanya alfajiri.

Siku ya pili nafika, nakuta ukingo wa upande wa ukutani umefumuliwa. Nyuzi zimetafunwa, zimelowa mate. Mbuzi? Ukuta ule ulinizidi urefu, na geti lilikuwa na kufuli. Nikaunga upya. Kesho yake hivyo hivyo, tena pakubwa zaidi. Mama Koku akasimama mlangoni, mikono kifuani.

"Fundi, kama imekushinda sema mapema, nimtafute mwingine."

Niamini, maneno yale yaliniuma. Kesho yake nikawahi peke yangu kuliko siku zote, mlinzi akanifungulia geti. Giza lilikuwa linaanza kuachia, ukungu umepanda kutoka ziwani. Nikamkuta mzee amechuchumaa ukingoni mwa zulia, amejifunga shuka nyeusi kwa mtindo wa lubega, fimbo mapajani, anayapapasa yale majani kwa vidole.

"Shikamoo," nikasema.

Hakuitikia marahaba. "Mwangaluka," akaniamkia, na mimi Msukuma nikamwitikia. Akauliza, "Wewe ndiye uliyepanda haya?"

"Ndiye mimi." Nikaanza na kujigamba! Nikamweleza kwamba hayahitaji mvua, hayafi kiangazi, yatakaa kijani miaka kumi.

"Miaka kumi," akarudia polepole. "Na hawa wale nini miaka yote hiyo?"

Nikageuka. Ng'ombe! Ndani ya ukuta wa Mama Koku, ng'ombe wamejaa ua mzima, mbavu nje, wote wananitazama mimi. Unajua ng'ombe wanavyonuka? Hawa hawakunuka. Unajua wanavyotoa mvuke puani asubuhi ya baridi? Hakuna hata mmoja aliyetoa. Na mchanga wa kujazia zulia, tuliokuwa tumeumwaga pembeni, chini ya kwato zao haukuwa na alama yoyote.

"Hapa ndipo tunapopita kwenda kunywa maji," mzee akasema. "Tulipita kabla ya nyumba, tunapita na sasa. Ukuta hautusumbui. Walikuwa wanakula kidogo, wanaendelea. Sasa wanatafuna hiki kitu chako, hawashibi, na hawataki kuondoka."

"Mzee, hii ni plastiki."

"Waambie wao."

Wewe ungefanyaje? Miguu yangu ilitaka kukimbia. Lakini mimi ni fundi, na kosa lilikuwa kwenye kazi yangu. Nikawageukia, nikawaambia kwa Kisukuma, kwa sauti, kwamba nimekosea kipimo. Hatua nne kutoka ukutani nitawaachia. Ng'ombe mmoja mweupe akanisogelea, akanilamba kiganja. Ulimi wake ulikuwa baridi kama bati la alfajiri. Jua lilipochungulia, pale uani nilibaki mimi na mazulia yangu. Mlinzi aliapa hakuona hata paka.

Nikamweleza Mama Koku, kuanzia yule mzee hadi ng'ombe mweupe aliyenilamba. Nilitegemea anifukuze. Akauliza kwa sauti ya chini, "Huyo mweupe, pembe yake moja imeinama?"

Kweli ilikuwa imeinama. Habari ya pembe sikuwa nimemtajia.

"Namwona dirishani mwa jiko tangu tuhamie," akasema. "Ningemwambia nani? Watu wangesema utajiri wangu si wa samaki. Sogeza, fundi. Leo hii."

Tukalikata zulia, tukalisogeza, na pale ukutani tukaotesha majani ya kweli. Mabinti walicheza hadi wakaolewa, zulia halijaguswa tena. Yale majani ya ukutani hayajawahi kufyekwa na mtu, na hayajawahi kurefuka.

Nilitandika viwanja vingine baada ya hapo, na vizuri. Ila kuna jambo halijaniacha. Nikikutana na ng'ombe barabarani, iwe Magu, iwe Usagara, wanasimama. Wananitazama, hawasogei hata wachapwe, mpaka niwaambie kwa Kisukuma, "Piteni." Ndipo wanapita. Kuna mchungaji aliwahi kuniuliza nimewafanyia nini ng'ombe wake. Nilitembea zangu.

Kwa hiyo wewe unayepima ua wako leo ujenge kiwanja, usianze na futi kamba. Waulize majirani mifugo ilikuwa inapita wapi kwenda majini, hata kama imeshapita miaka mingi, na hapo pawe wazi. Mimi walinisamehe kwa sababu nilisema nimekosea. Wewe usiwape nafasi ya kukungojea uani.