Shimo Nyuma ya Kioo

Mimi ni fundi wa vioo hapa Bwera, mji wa mpakani. Nakata vya madirisha, lakini kazi inayonilisha ni fremu: picha za harusi, picha za marehemu, vyeti vya watu waliomaliza chuo wakasahau kurudi kuvichukua. Miaka yote hiyo nimewatazama watu kupitia kioo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusogea. Labda ndiyo maana nilimtaka buibui.

Nilimkuta Kyarumba, huko mlimani, kwa mama yangu mdogo, tulipokuwa tunang'oa maharage. Jembe liliinua bonge la udongo, na chini yake palikuwa na shimo lililotandikwa utando mweupe kama soksi. Ndani yake alikaa yeye, buibui wa kahawia mwenye manyoya, upana wa kiganja changu, yule ambaye wasomi humwita tarantula. Mama mdogo akakimbilia jikoni kuleta maji ya moto. Kabla hajarudi nilikuwa nimemsukuma kwa kijiti hadi ndani ya kopo la majani ya chai, nikatoboa kifuniko kwa msumari. Niliteremka naye kichwani, kopo limekaa juu ya mzigo wa maharage. Ukungu ulikuwa umelala bondeni, njia haionekani mbele ya hatua tano, na kila nilipokanyaga nilihisi, au niliota nahisi, miguu minane ikikanyaga pamoja nami juu ya utosi. Sijawahi kutembea kwa adabu namna ile.

Nyumbani alikuwepo baba. Tulipomzika mama, alihama Kasese akaja kukaa nami nyuma ya duka, na maneno yake yakapungua mpaka yakabaki ya salamu na ya sala. Ujana wake wote aliumaliza mgodini. Sasa alishinda kwenye kiti cha kamba akitazama ukuta, na mimi, niseme ukweli, nilikuwa nimeanza kuuogopa ukimya wake.

Nikamfunulia kopo kidogo. Alichungulia kwa muda mrefu.

"Hii inachimba?" akauliza.

"Anachimba, baba."

Nikamwonyesha sanduku la kioo nililolichora kwenye karatasi, refu la kwenda juu, la kupendeza mbele ya wateja. Baba akacheka, kicheko cha kwanza tangu mazishi. "Hii ni kabati ya vikombe, mama," akasema; ndivyo anavyoniita mimi binti yake. "Mtu ya kuchimba anataka chini. Juu atafanya nini?"

Simu ikamuunga mkono. Nilisoma kwamba buibui wa aina hii akianguka kutoka juu tumbo hupasuka, na kwamba usalama wake ni udongo wa kina na dari la karibu. Basi nikakata vioo upya, vifupi, nikaviunganisha kwa gundi, na baba akasimama juu yangu kama afande. "Hewa kwanza!" Nikatoboa matundu madogo upande mmoja chini, upande wa pili juu, ili hewa ipite badala ya kulala. Udongo tulioagiza kwa mama mdogo, wa shamba lisilopigwa dawa, baba aliuanika juu ya bati siku tatu, akaunyunyizia maji hadi ukashikana kwenye ngumi bila kudondosha tone. Aliumwaga tabaka kwa tabaka, akaushindilia kwa mpini wa nyundo. Kisha akaanzisha shimo kwa kidole gumba, akiliinamisha kufuata kioo ili tuweze kuona ndani. Mlangoni akasimamisha vijiti viwili vya mkaratusi na cha tatu juu yake, kama boriti za mgodi.

"Bila boriti mimi siingii," alisema, na hakuwa anatania.

Tukaweka kifuniko cha soda chenye maji, na juu nikaweka kioo cha kuteleza chenye komeo. Jirani yangu, mama wa Kikongo anayeuza vitenge, alikuja kutazama akasimama mbali, akamnyooshea buibui kidole. "Mama, ile nyama iko na sumu. Ikitoka, mi narudia kwetu leo leo."

Jambo moja tu lilitugombanisha. Baba alitaka tundu la pili, nyuma, karibu na sakafu. "Sisi hatukuingia shimo ya mlango moja," alisema. Nikamwambia huyu akipata mlango wa pili tutamkuta kwenye vitenge vya jirani. Duka ni langu, kwa hiyo nilishinda.

Zikaja wiki ambazo nikizikumbuka naziona kama zilipita ndani ya maji. Mvua ya alasiri ikishuka kutoka mlimani, duka likiwa la kijani kwa mwanga wa vioo, baba ameinama mbele ya sanduku akimpa buibui mende kwa kibanio na kumhadithia habari za chini ya ardhi ambazo sisi watoto wake hatukuwahi kuzisikia. Mimi nilikata vioo polepole ili nisikie. Nilikuwa na furaha, na nilijua kwamba nina furaha.

Kisha Jumatatu moja akaniita kwa sauti kali. "Mlango imeanguka!"

Haukuwa umeanguka. Buibui alikuwa ameuziba mwenyewe kwa udongo na utando. Nilimweleza baba kwamba anajivua ganda, kwamba mwili wake sasa ni laini na anaweza kufa akiguswa, kwamba hali hii huchukua hata wiki kadhaa. Aliitikia kwa kichwa. Kesho yake hakunywa chai. Siku ya tatu nikamkuta anagonga kioo kwa ukucha: mara tatu, ananyamaza, anasikiliza.

"Baba, utamuua!"

Aliuvuta mkono wake akauficha katikati ya magoti, kama mwanafunzi aliyekaripiwa. Mpaka leo naona aibu.

"Kuna mwenzangu alifungiwa na mawe," akasema. "Tuligonga bomba siku mbili, na yeye anajibu. Siku ya tatu hakujibu. Tukaambiwa tutoke. Mimi nilitoka."

Aliyasema haya kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya sukari. Nikamwekea chai nyingine, nayo ikapoa.

Siku mbili baadaye ilinibidi kwenda Kasese kuchukua vioo. Nilimwomba aniahidi hatagusa sanduku. "Nimesikia, mama," akasema, na njia nzima nilijua kwamba kusikia si kuahidi.

Niliporudi mvua ilikuwa inapiga bati. Komeo lilikuwa wazi. Juu ya gazeti palikuwa na lundo la udongo, na baba ameinama na kijiko cha chai mkononi. Alikuwa amechimba kutoka nyuma, pale alipoutaka mlango wake wa pili, na mpaka chumba cha buibui ulibaki unene wa kidole kimoja.

"Baba!"

"Simama!" Akainua kiganja. "Nyamaza. Inakwaruza."

Niliegemeza sikio, sikusikia ila mvua. Lakini pale shimo lilipokutana na kioo, udongo ulitikisika, ukapita mguu mmoja, mpya, laini, rangi ya maziwa yenye majani ya chai.

"Iko hai," baba akasema.

Alikilaza kijiko. Akaurudisha udongo mwenyewe, kwa ncha za vidole, akiushindilia kidogo kidogo kwa gumba. Nilimpenda siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Jioni alikula sahani mbili.

Zilipita siku tisa, mlango ukafunguliwa kutoka ndani. Nje ya boriti lilikuwa limeachwa ganda la zamani, zima, na miguu yake yote minane, tupu. Baba alilinyanyua kwa kibanio akaliweka kiganjani.

"Yule mwenzangu, sisi hatukupata hata kofia yake," akasema, "ya kupelekea mjane yake."

Akaniomba nilitie kwenye fremu. Nilikata kioo safi, nikalilaza ganda juu ya kitambaa cheusi, nikafunika nyuma kwa ubao mwembamba. Nilipochukua nyundo na misumari midogo, aliweka mkono wake juu ya wangu.

"Nyuma usifunge, mama."

Niliufunga ubao kwa uzi tu, fundo la kufunguka ukilivuta. Fremu inaning'inia dukani kati ya maharusi na marehemu. Vumbi linaingia, na kila Jumamosi nalipangusa.