Mwari Aliyeshukia Kihambani

Mara ya kwanza nilidhani ni gunia. Lilikuwa limelala kati ya migomba na mstari wa mwisho wa kahawa, jeupe lenye tope, nami nilikuwa napita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha usiku kucha na ukungu ulikuwa haujapanda. Nikasogea ili niliokote, maana gunia zuri haliachwi likaoza. Gunia likainua shingo.

Nikatupa majani. Ndege mkubwa kiasi kile sikuwa nimewahi kumwona kwa karibu. Mdomo wake ulikuwa mrefu kama mkono wangu, na chini yake ulining'inia mfuko wa ngozi ya manjano. Alinikoromea, akajaribu kusimama, akapiga mbawa mara mbili. Bawa moja likagonga mgomba, jingine likanasa kwenye mibuni. Akakaa tena.

Nilimwita wifi yangu. Yeye ni dada mkubwa wa mume wangu, na nyumba yake na yangu zimetenganishwa na safu ya masale tuliyopanda kuonyesha mpaka. Alirudi kihambani, kwenye shamba la ukoo, baada ya kustaafu uuguzi, na tangu arudi tulikuwa tunasalimiana na kuachana. Aliwahi kusema mbele ya wageni wangu kwamba banda langu la ng'ombe ni chafu, nami neno hilo sikuwa nimelisahau. Lakini mume wangu alikuwa safarini, na kwa kitu kinachopumua kwa shida sikujua mtu mwingine wa kumwita.

Alikuja na mabuti yake ya mpira, akachutama mbali kidogo, akamkagua ndege kwa macho.

"Ni mwari," akasema mwishowe. "Nilikuwa nawaona nilipofanya kazi karibu na ziwa. Huyu mvua imemwangusha."

"Mbona haruki?"

"Ataruka wapi? Kila upande mgomba."

Jirani yetu mmoja alikuwa amefika kuchungulia. Akasema nyama ile ingetosha nyumba tatu. Wifi alitoa simu, akamtafuta afisa wanyamapori wa wilaya. Afisa alikuwa upande wa Tarakea, tembo walikuwa wameingia mashambani, na asingeweza kufika kabla ya siku mbili. Akatupa ruhusa na maelekezo kwa simu: tumfunike macho, tumshike mbawa zikiwa zimekunjwa, tumpeleke mahali pa wazi. "Na msimfunge mdomo," akasema. "Mwari hana matundu ya pua ya kutegemea. Anapumulia mdomoni. Mkifunga, mmemuua."

Tulimfunika kwa kitenge changu. Wifi alimkagua kama anavyokagua mtoto, mfupa kwa mfupa. Alipolinyoosha bawa moja, lilipita urefu wa mkono wangu. Hakukuwa na kilichovunjika, ila mchubuko kwenye ngozi iliyounganisha vidole vya mguu. Akauosha kwa maji ya chumvi.

Mchana ule tulimbeba hadi uwanja wa mpira wa shule iliyo juu yetu. Wanafunzi walikuwa likizo, uwanja mtupu. Tulimweka kwenye goli moja tukarudi nyuma. Mwari alitazama huku na huku, kisha akaanza kukimbia, mwili ukiyumba, mbawa zikipiga kwa nguvu hadi majani makavu yakaruka. Alifika katikati ya uwanja miguu ikiwa bado chini. Alifika goli la pili, akanyanyuka kimo cha goti, kisha akaangukia kifua.

Nilisema labda amekwisha.

"Hajaisha," wifi akasema. "Amechoka, na uwanja ni mfupi. Ni vitu viwili tofauti."

Tukamrudisha. Alilala kwenye stoo yangu ya majani, na jioni wifi alileta perege aliowanunua sokoni Moshi. Mwari aliwatazama tu. Wifi akawatia kwenye ndoo ya maji, akawasukuma kwa kijiti waonekane wanaogelea. Ndege akatumbukiza mdomo, akainua kichwa, perege wawili wakashuka shingoni kwa pamoja. Nilicheka. Wifi naye akacheka, na nikagundua sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nilidhani atakwenda kanisani, kwa kuwa anaimba sauti ya pili kwenye kwaya na hakosi ibada. Lakini nilipotoka kukamua nilimkuta amesimama kando ya kirikuu yangu, gari dogo ninalobebea maziwa, akiwa na tenga kubwa na ndoo.

"Na kwaya?"

"Kuna wengine wa kuimba. Twende Chekereni, kule kwenye mpunga. Kuna maji na hakuna migomba."

Tukashuka. Tulipopita mjini ubaridi wa mlimani ulikuwa umeshatuacha, na chini Chekereni jua lilikuwa tayari linachoma. Tulimkuta mama mmoja akizibua mfereji wa shamba lake. Tulimwamkia, tukamweleza. Alitazama ndani ya tenga, kisha akatuonyesha jaruba moja lililojaa maji ambalo lilikuwa halijapandwa.

"Humo sawa. Mkikanyaga miche ya pembeni nitawafukuza."

Tulimweka majini. Alikunywa, akajitikisa, halafu akakimbia. Maji yalikuwa ya kifundo tu na chini yake tope. Kila alipokanyaga, mguu ulizama na kumrudisha nyuma. Alijaribu mara tatu, na mara ya tatu tuliingia kumtoa, nguo zetu zikarukiwa na tope hadi kiunoni. Wifi aliteleza akakaa kwenye tope, akiwa amemkumbatia ndege kifuani. Hakumwachia.

Yule mama mwenye shamba aliweka jembe chini. "Mnamtesa bure," alisema, bila ukali. "Mimi nilikulia bwawani, Nyumba ya Mungu. Hawa wanataka maji yenye kina, ili miguu isukume maji na si tope. Na wanataka upepo wa mbele. Halafu hawaruki mbali asubuhi. Wanangoja ardhi ipate moto, hewa ianze kupanda, ndipo nayo iwapandishe. Mwari mzito hivi akitegemea kupiga mbawa peke yake, hafiki popote."

"Upepo unaanza saa ngapi kule?" wifi akauliza.

"Mchana. Mkiingia majini msipite magoti. Kuna mamba."

Nilimwangalia wifi, naye tope lilikuwa limemkaukia shavuni. Nilikuwa na ng'ombe wa kukamua jioni na njia ya bwawani ni mbaya. Nilitaka kusema tumwachie afisa. Nikamwona anakunja kitenge upya, taratibu, anamfunika ndege macho, na nikajikuta nimeshawasha gari.

Bwawani tulifika jua likiwa utosini. Mbali, katikati ya maji, kundi la mwari lilikuwa limetulia, weupe wao ukionekana kama povu. Tulichagua sehemu ya wazi isiyo na matete, mahali ambapo mtu angeona chochote kinachokuja. Wifi akashika ncha ya kitenge akakiinua. Kikapepea kuelekea nchi kavu.

"Upepo unatoka majini," akasema. "Akikimbia kwenda ndani, anakutana nao."

Tuliingia hadi magotini, tukamshusha, tukatoka haraka. Mwari akaelea. Kisha hakujaribu kuruka. Alioga, akachambua manyoya moja moja, akajipaka mafuta anayoyatoa mkiani, akaoga tena. Muda ulipita. Mimi nilikaa kwenye jiwe nikala ndizi za kuchoma, wifi akabaki amesimama.

"Kaa, wifi," nilimwambia.

"Wodini nilikuwa sikai mpaka nijue hali ya mgonjwa."

Nikasimama naye.

Alipoanza, alianza vibaya. Alikimbia sambamba na ufuko, upepo ukimpiga ubavuni, akaishia kwenye maji kwa kishindo. Alijikusanya. Aligeuka pole pole mpaka mdomo ukaelekea katikati ya bwawa, akakaa hivyo. Upepo ulipoongezeka alifungua mbawa, na safari hii niliona vizuri kilichokuwa kimemshinda uwanjani. Hakukimbia kwa mguu mmoja mmoja. Aliruka kwa miguu yote miwili kwa pamoja, ikigonga maji, pa, pa, pa, kila pigo likimwinua kidogo kuliko lililotangulia. Baada ya mapigo kama kumi maji yakawa yanaguswa na kucha tu. Halafu hayakuguswa.

Hakupanda. Nilidhani angeelekea juu moja kwa moja, lakini alikwenda chini chini, ncha za mbawa zikikaribia kugusa maji, shingo ameikunja na mdomo ameulaza kifuani. Alipiga mbawa mara chache, akateleza, akapiga, akateleza. Alilipita lile kundi, akavuka hadi ng'ambo ambako ardhi ni kavu na nyekundu. Pale juu walikuwepo wengine ambao hatukuwa tumewaona, wakizunguka. Akaingia kwenye mzunguko wao. Hakupiga mbawa tena. Alizunguka tu, na kila mzunguko ulimpandisha, mpaka hatukuweza kusema ni yupi kati yao. Kisha wote wakauacha mzunguko, mmoja baada ya mwingine, wakateleza kwa mstari kuelekea milima ya Upare.

"Nilidhani wanapigana na hewa njia nzima," wifi akasema.

"Hata mimi."

Alikuwa analia, bila kujifuta. Nilikwenda kuosha tenga, na aliponifuata tuliliosha pamoja.

Tukiwa njiani kurudi, afisa alipiga simu. Wifi aliipokea, akakaa wima kwenye kiti, akamweleza kwa mpangilio kana kwamba anakabidhi zamu: amekula perege sita tangu jana, mchubuko wa mguu wa kushoto ni safi, ameruka saa nane na nusu mchana kwa jaribio la pili, ameondoka na wenzake, mwelekeo milimani. Alisikiliza, akashukuru, akakata.

Tulipofika ng'ombe alikuwa analia kwa kiwele kilichojaa. Wifi hakuingia kwake. Alinawa mikono kwenye ndoo yangu, akavuta kigoda, akaketi.

"Mshike kichwa," akasema. "Nitakamua mimi. Wewe umeendesha kutwa."

Nikamshika ng'ombe kichwa.