Saini za Simu ya Mke Wangu

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na ugonjwa wangu ni simu. Mke wangu ndiye aliyeuita ugonjwa. Siku ya Jumapili wanaume wenzangu wa mtaa wetu wa Annexe wako kwenye bia, mimi niko barazani na bisibisi ndogo, nagombana na simu ya mtu. "Huyu bwana yangu," alikuwa akiwaambia wageni, "ukitaka akuangalie, ujifanye umeharibika kwanza." Wageni wanacheka, mimi nanuna. Kununa ninakujua sana.

Simu yake mwenyewe nilimnunulia ikiwa imeshatumika, nzuri, ya ile kampuni inayopenda kukuamulia kila kitu. Mama yake anaishi Pweto, kule mwisho wa ziwa, na macho yake yalishazima siku nyingi. Mtandao wa kule ni wa kubahatisha. Mama akipatikana, wanaongea Kibemba chao kwa kelele na vicheko mpaka laini inakatika katikati ya neno, halafu mke wangu anabaki ameishika simu sikioni, bado anasubiri.

Ndipo akataka simu irekodi mazungumzo hayo, awe anayasikiliza Pweto ikinyamaza. Simu ikakataa, maana kampuni haikuruhusu. Akaniangalia. "Kumbe niko na babwana babili," akasema. "Weye, na ule alitengeneza simu."

Maneno yale yalinichoma, nikaivunja gereza. Ndivyo tunavyosema sisi wagonjwa. Simu imefungiwa na kampuni, wewe unatafuta ufa ndani ya mfumo wake, unapenya, unafungua, kisha unaweka unachotaka. Nikaweka programu ya kurekodi, ikafanya kazi, na siku hiyo nilipikiwa sombe, yale majani ya muhogo, na samaki wa kwao mpaka nikashindwa kuinuka.

Lakini simu iliyovunjwa gereza ni dhaifu. Ikikwama vibaya unalazimika kuuweka mfumo upya, na kila ukiuweka, simu inaomba saini kwa kampuni. Saini hiyo ni ya simu hiyo moja na toleo hilo moja tu. Wakitoa toleo jipya, ambamo ule ufa umezibwa, haupiti muda wanaacha kulisaini la zamani, na hapo huwezi kurudi tena nyuma hata ulie. Kwa hiyo mwenye akili anaiomba saini mapema, mlango ukiwa bado wazi, anaihifadhi kwenye kompyuta. Akiba haiozi. Nilihifadhi saini za simu yake kabla hata ya kuhifadhi za kwangu.

Nilimweleza hayo akiwa anachambua mboga.

"Kwa hiyo simu yangu yote iko mu mashini yako," akasema.

"Si yote. Saini tu. Mfumo unaweza kurudi, vitu vyako haviwezi."

"Njo ile ile."

"Si ile ile, mama."

Nilimsahihisha mara nyingi, mwalimu hawezi kujizuia. Haikusaidia kitu. Aliwatangazia dada zake, majirani na kwaya nzima ya parokia kwamba simu yake haiwezi kufa, mume wake ameiweka yote ndani ya mashini. Na nilipomwomba anipe zile sauti nizinakili kabisa, alikataa kwa ukali. "Ile ni ya mama na miye. Mukwe hasikilize maneno ya mama mukwe." Hapo alikuwa na haki. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hali naye, hazungumzi naye ana kwa ana. Miaka yote hiyo mama aliniambia mambo kupitia kwa mke wangu, nami nikamjibu kupitia kwa mke wangu. Kama kuna maneno alituongezea katikati, na najua aliongeza, yalikuwa ya kutupatanisha.

Mke wangu aliugua wakati wa mvua. Niseme tu aliugua, hospitali sina nguvu ya kuieleza. Tulimzika kabla mama yake hajafika, maana lori la kutoka Pweto lilinasa matopeni na mochwari ilikuwa haitaki kusubiri tena. Mama aliingia watu wakiwa bado uani, kwenye viti vya plastiki, wimbo umewaishia. Mimi niliinamisha kichwa kama inavyotakiwa. Wanawake walimshika mkono wakampeleka chumbani, na waliniambia baadaye kwamba aligusa kitanda, akagusa ukuta, akagusa nguo zilizotundikwa msumarini, moja moja, akizinusa.

Mdogo wa mke wangu ndiye aliyetoka na ujumbe. Sasa yeye ndiye alikuwa kinywa kati yetu.

"Shemeji, mama anasema sura hataona, na kaburi ni udongo tu. Anataka asikie sauti ya mutoto wake. Kintu ingine hataki."

"Mwambie mama sauti iko," nikasema. "Ataisikia."

Niliahidi hivyo mbele ya watu. Na kweli sauti ilikuwepo, ilikuwa ndani ya simu, na simu ilikuwa imefungwa ndani ya kitenge pamoja na vitu vyake vyote. Lakini vitu vya marehemu mjane hagusi. Vinakaa mpaka siku ya kumaliza kilio, wanawake wa ukoo wavisafishe ndipo vigawanywe, kwa sababu mtu hapewi kitu chenye jasho la mfu. Na mzazi hakai kushuhudia vitu vya mtoto wake vikigawanywa, kwa hiyo mama alirudi Pweto na lori lile lile. Wakakubaliana simu ndiyo fungu lake, atatumiwa. Nilingoja. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kungoja bila kugomba.

Siku hiyo ilipofika walifua nguo, wakasugua sufuria kwa majivu, wakaanika godoro juani. Alasiri shemeji alinijia barazani na simu juu ya kitambaa cheupe, ameishika kwa mikono miwili, na nilimwona anatabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu msiba.

"Na simu pia nimeisafisha," akasema.

Alikuwa ameipeleka kwa fundi mmoja karibu na soko. Fundi alifuta kila kitu, akaweka mfumo mpya. "Haiwezi kufika kwa mama na jasho ya mufu," akaeleza. "Sasa weye urudishe sauti. Yaya alisema yote iko mu mashini yako." Yaya ndivyo alivyomwita dada yake mkubwa.

Nilifungua mdomo nimtukane. Nina ulimi mbaya, mwanafunzi wangu yeyote atakuambia. Lakini alikuwa amesimama pale na uso wa dada yake, akinitegemea. Nilichukua kebo.

Nilijua ninachofanya hakina maana, nikakifanya hivyo hivyo. Umeme ulikuwepo, hata kisingizio hicho nilikosa. Nikazitoa zile saini, nikaanza kuirudisha simu kwenye toleo lake la zamani. Zilikubali zote. Niliitazama alama ikijaa taratibu kwenye kioo na moyo wangu, mjinga ule, ukaanza kutumaini. Simu ikawaka na sura yake ya zamani. Shemeji akapiga makofi kidogo. Nikaivunja gereza tena, nikaweka programu ya kurekodi ile ile, nikaifungua.

Haikuwa na kitu.

"Sauti iko wapi?" akauliza.

"Saini inarudisha nyumba tu," nikamwambia. "Mwenye nyumba hairudishi."

Akaelewa, akakaa chini sakafuni na kile kitambaa cheupe mkononi. "Kwa hiyo miye njo nimemumaliza," akasema. Nikamwambia hapana, ulifanya vile mama zako walikufundisha, na dada yako mwenyewe angefanya hivyo hivyo. Ilikuwa kweli, na haikumsaidia. Alilia kama siku ya makaburini. Mimi nililia nikiwa nimesimama, mbele yake, bila haya yoyote, mtu mzima na kebo shingoni.

Pweto ilikuwa inasubiri. Kila mtandao ukipatikana mama alikuwa anauliza simu imeshapanda lori gani. Shemeji alibonyeza namba, ikaita, mama akaitika, na shemeji akashindwa kutoa hata neno. Akanisukumia simu. Nilitazama huku na huku nikitafuta mtu wa kusema kwa niaba yangu, na nyumba ilikuwa haina mtu mwingine.

"Ni miye, mama," nikasema. "Mukwe wenu."

Hatukuwa tumezungumza hata siku moja, yeye na mimi. Nikamwambia yote moja kwa moja, usafi, fundi, saini, kwamba sauti imepotea na hakuna duniani pa kuitafuta. Nilingoja anilaani. Ningeshukuru.

"Nyumba yenu iko ndogo," akasema mwishowe. "Ulikuwa unamusikia vile ananisalimia?"

"Ndiyo, mama. Kila mara."

"Basi nisalimie vile."

Nikafunga macho. Nilikuwa naisikia kabisa, ikitoka chumbani kama zamani. "Mwapoleni, mayo," nikasema, ile salamu yao, nikaivuta mwishoni kama alivyokuwa akiivuta.

Laini ikakwaruza. "Hapana," mama akasema polepole. "Yeye alikuwa anacheka kwanza. Jaribu tena, mutoto wangu."

Nikajaribu. Kicheko kikakataa kutoka. Nikajaribu tena, na mama akawa ananisubiri, namsikia anavyopumua, mpaka laini ikakatika. Nikabaki nimeishika simu sikioni.