Sufuria ya Yeyo na Kopo la Herufi za Dhahabu

Jua limekwisha kupanda juu ya Mlima Meru, na Namnyaki Lukumay anagonga gome la mti kwa jiwe nyuma ya chumba chake, karibu na njia iendayo Lemara. Gome hilo ni la olkiloriti, mti ambao Waarusha na Wamasai huuchemsha pamoja na nyama ya mbuzi kupata supu ya dawa. Kwenye mafiga kuna kisufuria cha chai tu. Si hicho alichozoea kupikia.

"Sufuria yangu iko ofisi ya kata," anasema bila kuinua kichwa. "Wameiweka nje, inakinga maji ya mvua. Watu wa ofisi wanaoshea viatu."

Namnyaki, mjane mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, ni mzaliwa wa Oldonyo Sambu. Kwa miaka kumi na mmoja ameuza supu kwa mafundi na wachukuzi, shilingi mia mbili bakuli moja, na kwa supu hiyo amesomesha watoto watatu. Wateja humwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaa. Sasa ni mwezi wa pili benchi lake halina mtu, na anaishi kwa kuuza magome makavu kwa wapita njia.

Yaliyomfika yalianza na kopo.

Tangu biashara iachiwe huru, maduka ya Arusha yamejaa bidhaa ambazo zamani hatukuzijua hata kwa majina. Dawa nazo zimeingia humo humo. Mwishoni mwa mwaka jana kijana mmoja aliyefunga tai, aitwaye Ludovick, alifika benchini akiuza vidonge vya mzizi wa ginseng kutoka Mashariki ya Mbali. Akanywa supu, akafuta mdomo, akaanza kufundisha.

"Yeyo, wewe unachemsha miti tu, hujui ndani kuna nini," Namnyaki anamwigiza, akinyoosha shingo kama anayekaza tai. "Hiki kimepimwa! Mzizi huu una kiini chake, kinaitwa ginsenosaidi. Kinashusha sukari, kinashusha presha, kinaondoa uchovu, kinarudisha ujana. Nikamwambia, mwanangu, ujana ukirudi nani atanioa?"

Wateja walicheka. Lakini magoti yalikuwa yanamuuma, na maneno ya kijana yalikuwa matamu. Akalinunua kopo kwa shilingi elfu kumi na nane. Hizo ni bakuli tisini za supu.

Ludovick alimwagiza ameze vidonge viwili kwa maji. Namnyaki hakufanya hivyo, na sababu yake yeyote aliyekulia upande ule wa mlima ataielewa.

"Kwetu mtu akipata dawa, inaingia kwenye supu, na wote waliokaa wanakunywa," anasema. "Unywe yako peke yako, umejificha nyuma ya nyumba? Watu watasema una roho mbaya."

Basi alipasua maganda ya vidonge, akamwaga unga wote kwenye sufuria kubwa, akapekecha.

Miongoni mwa waliokunywa alikuwa Sadoki Nanyaro, fundi mwashi wa Sombetini, mgonjwa wa sukari. Asubuhi ile alikuwa amemeza vidonge vya hospitali vya kushusha sukari, akaenda kujenga bila kula kitu. Akanywa bakuli mbili.

"Jasho likanitoka kama nimemwagiwa maji," anakumbuka. "Mikono inatetemeka. Nikasema, Yeyo, nishike. Baada ya hapo sijui kitu, naambiwa tu nilibebwa kwenye mkokoteni kama gunia la saruji."

Zahanati walikuta sukari yake imeshuka mno. Walimtundikia chupa, akazinduka.

Siku hiyo hiyo bwana afya alifika na mgambo wawili. Supu ikamwagwa mtaroni. Magome yakabebwa kwa kosa la kuwa "mitishamba isiyopimwa", na sufuria ikaenda nayo. Kopo lilikuwa pale mezani, na Namnyaki alieleza wazi kwamba unga wake ndio ulioongezwa siku ile. Bwana afya alilishika, akatazama herufi zake za dhahabu, akalirudisha mahali pake.

"Alilirudisha polepole, kama anarudisha Biblia," anasema Namnyaki.

Kwenye kopo hilo hakuna neno hata moja la Kiswahili. Hakuna panaposema mgonjwa wa sukari ajihadhari. Anayelinunua hawezi kusoma onyo, na aliyeliruhusu liuzwe hakujishughulisha kuuliza kama lipo.

Elirehema, tabibu aliyemhudumia Sadoki, hakatai kwamba mzizi huo una nguvu. "Zipo tafiti za nje zinazosema kiini hicho huenda kinashusha sukari kidogo," anasema. "Huenda. Kiasi gani, kwa nani, bado wanabishana. Siwezi kuapa kwamba unga ule ndio uliomwangusha Sadoki, maana alikuwa na vidonge vyetu na tumbo tupu. Lakini kuviweka pamoja bila kumuuliza mtu ni hatari."

Huo ndio ukweli wa mtu aliyesoma: huenda. Ludovick yeye hana huenda. Bado anauza, tai shingoni, na meza yake haijaguswa.

"Mimi nilimwambia amwage kwenye sufuria?" anafoka akiulizwa. "Kosa ni lake!"

Kosa ni lake, kweli, na Namnyaki halikwepi. Alikwenda Sombetini mwenyewe kumwomba Sadoki radhi mbele ya mkewe. Lakini inakuwaje aliyekosea kwa kugawa aadhibiwe, na aliyedanganya kwa kuuza aachwe? Kama kipimo ndicho sheria, basi na kopo lipimwe. Kama herufi za dhahabu ndizo sheria, tuambiwe, ili Namnyaki naye azipake kwenye sufuria yake.

Jumatatu ijayo atakwenda ofisi ya kata kuomba arudishiwe sufuria na kibali cha kupika. Sadoki ataongozana naye. "Mimi ndiye niliyeanguka," anasema fundi huyo. "Wanisikilize mimi."

Namnyaki amekwisha kuamua atakavyoanza upya: magome yake tu, na hakuna atakayepewa bakuli kabla ya kuulizwa amekula nini na amemeza nini.

"Hata Ludovick?" anamchokoza Sadoki, aliyekuja kupanga naye safari ya Jumatatu.

Jiwe linasimama mkononi mwa Namnyaki.

"Yule sina haja ya kumuuliza," anasema. "Siku ile alipita hapa, nikampakulia wa kwanza. Nikamwambia, mwanangu, leo nimetia dawa yako humu. Akafunika bakuli kwa kiganja, akasema yeye haumwi."