Vipele vya Neema

Utotoni mwangu, nyumbani kwa Bibi pale Bonga, mwongo hakuhojiwa. Alifunguliwa mdomo. Bibi, mama yake baba, aliamini kwamba uongo ukilala ndani ya mtu huota vipele mdomoni, na alitukagua wajukuu jinsi alivyokagua ng'ombe wake: kidole gumba kwenye kona ya mdomo, uso umeelekezwa juani.

Asubuhi moja kibuyu cha asali kilikutwa kimepungua nusu. Ilikuwa asali ya wageni waliokuwa wakija kumposa shangazi, si ya kulamba. Watoto nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na dada yangu Neema, aliyenizidi mwaka mmoja.

"Fungua. Zaidi! Hata ndama wangu ana adabu kuliko wewe," Bibi aliniambia. Akachungulia, akanisukuma pembeni. "Safi."

Nilipigwa na butwaa. Asali nilikuwa nimeila mimi.

Kisha akamshika Neema, akaugeuza mdomo wake wa chini. Palikuwa na vipele vidogo, laini, vimebanana kama punje za hindi changa. Bibi aliuachia mdomo ule kama aliyeungua.

"Haviumi, Bibi," Neema alisema. "Na asali sijala."

"Mdomo umeshasema, mjukuu wangu. Wewe nyamaza."

Wageni walipofika, Neema aliachwa jikoni na sahani yake peke yake. Mimi nilikaa na wakubwa, nikala nyama. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, na sikuyasema.

Mwaka huu binti wa Neema, mwenye miaka saba, ameota vipele vilevile. Niliwasindikiza kwa daktari wa meno hapa Babati mjini. Alimulika tochi, akauliza nani mwingine katika familia amewahi kuwa navyo. Neema akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Daktari akaeleza kwamba ni kirusi. Wengi hukipata bila kuota chochote, ila kuna watu ambao miili yao, kwa kurithi, hushindwa kukizuia kwenye ngozi laini ya ndani ya mdomo. Si hatari, na mara nyingi vipele huondoka vyenyewe.

Nje, tukisubiri bajaji, nilimwambia, "Dada, ile asali ya Bibi niliila mimi."

Hakukasirika. Alinitazama, mkono wake ukiwa begani mwa binti yake.

"Kumbe," alisema. "Miaka yote hii nilidhani niliila nikiwa usingizini."

Bibi simlaumu. Aliona vipele, na vipele vilikuwepo kweli. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba mtoto wa miaka kumi, akiujua ukweli wake mwenyewe, angeweza kuuachia ili Bibi yake asiwe amekosea. Naye angalirudishiwa ukweli huo siku ileile, kama mimi ningaliacha kutafuna nyama na kusema.