Kifungo cha Shaba na Mizani ya Baruti

Siku ile naikumbuka kama ya jana, mwanangu, na kila ukinisimulia habari za hiyo kazi yako mpya ya kupima dawa za watoto pale famasi, inanirudia yote. Kaa hapo. Hiyo simu weka mfukoni, haitakimbia. Nataka kukuambia habari za marehemu mume wangu, Fundi Shomari, na usinikatize, maana nikikatizwa nasahau, na nikisahau nakasirika.

Nilikuwa bibi harusi, hina bado haijafutika miguuni. Shomari alinioa Kilwa akanileta hapa Kariakoo, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye ua mmoja wa kugombania. Sisi tulikuwa na vyumba viwili vya mbele, kimoja cha kulala na kimoja cha kazi yake. Alikuwa fundi bunduki. Usinitolee macho! Kibali cha serikali kilitundikwa ukutani, tena kwenye fremu nzuri kuliko ya picha yetu ya harusi. Enzi zile za vijiji vya ujamaa watu walilima mashamba ya pamoja, na nguruwe pori nao, wallahi, walikula kwa pamoja. Kijiji kikibahatika kilipata bunduki moja ya kulindia mazao. Lakini risasi za dukani zilikuwa adimu kuliko sukari, basi walinzi walimletea Shomari maganda yaliyokwisha kupigwa, naye anayajaza upya. Anatia fataki ya kuwashia, anatia baruti, anatia marisau, zile punje za risasi, anafunga mdomo.

Kazi yote ilikuwa kwenye baruti. Ikizidi, bunduki inampasukia mtu mkononi. Ikipungua, marisau yanakwama ndani ya mtutu, na mtu akipiga ya pili bila kujua, mambo ni yale yale. Kwa hiyo alikuwa na mizani yake ndogo ya sahani mbili, ambayo hata mimi mkewe sikuruhusiwa kuifuta vumbi. Na alikuwa na kifungo kimoja cha shaba, cha koti la marehemu baba yake. Kila asubuhi kabla ya kuanza anakiweka kwenye sahani moja, na mawe ya mizani kwenye nyingine. Kifungo hakiongezeki wala hakipungui, kwa hiyo mizani inatakiwa ikisome vile vile leo kama ilivyokisoma jana. Akimaliza kazi anakipima tena.

Mimi nilikuwa namcheka. "Leo kimenenepa?"

"Naijulia hali mizani tu," ananijibu bila kuinua macho.

Basi asubuhi hiyo alikuja Ndugu Anatoli, mlinzi wa shamba la kijiji kimoja ng'ambo, Kigamboni. Mtu wa Masasi, mrefu, mcheshi, na kofia ya sufu rangi ya chungwa kichwani katika jua lile la Dar! Nguruwe walikuwa wamefyeka nusu ya muhogo wa kijiji, na watu walianza kumtazama yeye kama vile ndiye aliyeula. Akachukua boksi lake la risasi, akalitia kwenye kikapu chake chenye mchicha, akatuaga akaenda zake.

Shomari akakipima kifungo chake, kama kawaida yake ya kumaliza kazi. Alipoanza kazi kilikuwa sawa, sasa mizani ikasema kizito. Akakiondoa, akakirudisha. Ikasema chepesi. Akajaribu tena, ikaja na jambo jingine kabisa. Niliona jasho limemtoka juu ya mdomo.

"Mwajuma, funga mlango. Twende Feri."

"Kufanya nini?"

"Kumwahi Anatoli kabla hajavuka. Sijui nimempimia nini."

Nilitaka kumwambia aende peke yake, nilikuwa na mboga jikoni. Lakini nilimjua mume wangu. Macho yake yalizoea vitu vidogo vya karibu. Ukimsogeza mbali kidogo, hamtambui hata mama yake mzazi. Yule mtu ningemwona mimi. Tukatoka mbio, tukapita Mnazi Mmoja, tukafika Posta ndara yangu ikakatika, nikaishika mkononi nikaendelea peku huku nimejitanda khanga vibaya, watu wananishangaa. Bibi harusi mzima!

Feri palijaa. Mnada wa samaki umepamba moto, na pantoni ya kuvukia Kigamboni imekwisha shusha mlango, watu wanaanza kuingia. Nikaiona ile kofia. Nikapiga ukelele nusu niudondoshe ulimi, "Anatoli wee! Ndugu Anatoli!"

Akatoka kwenye foleni, anacheka, akidhani amesahau kitu. Shomari akamwambia amrudishie risasi, mizani imeharibika. Kicheko kikaisha.

"Fundi, wale nguruwe hawaisubiri mizani yako. Watu wamenituma. Nikirudi mikono mitupu nawaambia nini?"

"Waambie fundi amekukosea."

"Si zote zitakuwa mbovu."

"Nami sijui ipi ni ipi. Ndiyo shida yenyewe."

Kijana mmoja wa samaki, hata hatumjui, akadakia, "Mwache mzee wa watu avuke! Bora liende!" Watu wakaangua kicheko. Hapo nilimwona Shomari akikasirika, na mwanangu, mume wangu huyo alikuwa mpole hata kuku wa jirani walimpanda mabegani. Akageuka akawakabili wote, sauti juu.

"Mimi ni Shomari, fundi bunduki wa Kariakoo. Risasi zilizomo kikapuni humo nimezipima mimi, na nimezipima vibaya. Haya, mmesikia." Kisha akamgeukia Anatoli. "Kama ni lazima zipigwe, sawa, navuka na wewe. Lakini kila moja nitapiga mimi. Wewe utasimama mbali."

Niliona aibu, sikufichi. Niliwaza, huyu mwanamume amejifungia duka lake kwa mdomo wake mwenyewe. Na papo hapo nikampenda. Kule Kilwa nilikuwa nimeolewa tu. Pale Feri ndipo nilipompenda.

Anatoli alimtazama sana, kisha akampa kikapu chote pamoja na mchicha wake. Pantoni ikaondoka bila yeye. "Nakuja nanyi," alisema. "Siondoki Kariakoo mpaka nijue huo mzani unaumwa nini."

Basi akaketi kwenye benchi letu kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali, na Shomari akaanza. Aliziweka risasi na baruti mbali kwanza. Akafunga dirisha, akanifukuza hata mimi nisipite na khanga yangu ikapepea hewa. Kifungo bado kiliyumba. Akamimina maji kwenye sahani ya chakula akaiweka mezani kuona kama meza imeinama. Haikuinama. Uani Bi Zena, mpangaji mwenzetu, alikuwa anatwanga kisamvu, na kila mchi ukishuka sakafu inatikisika. Shomari akaenda kumwomba apumzike kidogo. Bi Zena alipumzika, ndiyo, lakini mdomo wake haukupumzika, na akaja kusimama mlangoni kwetu aone hicho kinachomzuia kupika. Kifungo kikapimwa tena na tena. Bado.

Hapo ndipo alipoinyanyua mizani akaenda nayo kwenye mwanga. Ule mkono wa juu wa mizani, mwanangu, umekalia ukingo mwembamba wa chuma, mkali kama wembe, ndipo unapochezea. Akaupitisha kidole taratibu. Akakinusa.

"Mafuta," alisema. "Mafuta ya cherehani."

Nyumba nzima cherehani ilikuwa moja, yangu. Bi Zena akapiga makofi. "Si nilijua! Bibi harusi na mikono yake!" Anatoli naye akanitupia jicho. Nami nilikuwa sijaigusa, haki ya Mungu. Mgeni mimi, kwetu mbali, mikono yangu ndiyo inayonuka mafuta kila siku. Ningesema nini, na nani angeniamini?

Shomari hakungoja hata pumzi moja. "Si yeye. Ni mimi. Juzi niliona inasuasua, nikachukua kichupa chake nikatia tone. Nilidhani naisaidia. Mafuta yameshika vumbi, sasa panapotakiwa pacheze pananata."

Angeweza kunyamaza, unaona? Asingekuwa hata amesema uongo. Angeniacha na lawama zangu, jioni akaninunulia vitumbua, mambo yakaisha. Lakini alimtazama Bi Zena usoni akarudia, "Mkono ni wangu, dada. Na kisamvu chako nimekikosea vile vile, kumbe hakikuwa na kosa. Samahani." Bi Zena akarudi uani kukipika kisamvu chake.

Akaufuta ule ukingo kwa kitambaa na spiriti, akauacha ukauke, akarudisha kila kitu mahali pake. Kifungo kikasema neno moja. Akakipima tena, neno lile lile. Akamwita Anatoli aje apime kwa mkono wake, na mizani haikubadili kauli. Ndipo akazifungua risasi zote, akamwaga, akapima upya, jua likateremka na mtu wa watu anasubiri, wala Shomari hakuharakisha. Anatoli akala kisamvu cha Bi Zena, akapanda pantoni ya jioni.

Sikudanganyi kwamba tulipata sifa. Maneno ya Feri yalimfika kila mtu, na kwa muda mrefu watoto walimwita Risasi Mbovu. Wateja wengine walihama, hawakurudi tena. Niliumia kuliko yeye. Kisha siku moja kofia ya chungwa ikaingia mlangoni, na gunia la muhogo begani. "Nilitaka kukuletea paja la nguruwe," alisema, "nikakumbuka wewe muislamu." Akacheka peke yake. Halafu akaweka maganda mezani. "Wananiuliza kwa nini narudi kwako. Nawaambia mafundi wako wengi, ila huyu alinifuata mpaka Feri."

Basi, mwanangu, ninalotaka ulishike ni hili. Unapima dawa, na anayeinywa ni mtoto asiyejua kuuliza. Kila siku kabla hujamgusa mgonjwa, kiulize kipimo chako, hata kama jana kilisema kweli. Kikikuyumbisha, usiseme bora liende. Mfuate aliyekwisha ondoka na dawa yako, hata peku. Na ukitafuta kosa, tafuta kwa wote, na wewe ukiwamo. Ukilikuta mkononi mwako, liseme pale pale, kabla hawajamgeukia yule mgeni asiye na mtu wa kumtetea. Yule mgeni nilikuwa mimi, ndiyo maana mpaka leo namwombea dua yule mzee kila nikitawadha.

Kile kifungo ninacho, kipo sandukuni. Usinyooshe mkono, sikupi, tafuta chako. Lakini dua nakupa bila choyo: Mungu akupe mkono mtulivu na mdomo usioogopa kusema "ni mimi", na akujaalie mtu wa kukupenda siku utakayolisema neno hilo mbele ya watu. Amina. Haya, nenda kazini, utachelewa.